Kutoza data inayopita setilaiti: kwa MB, kwa muda au kwa kasi?

Anayeuza intaneti ya mkongo anaweza kukosea hesabu na bado akabaki na faida. Anayeileta kwa dishi hana upenyo huo. Uwezo wa kiungo ni mdogo, bei yake ya jumla ni kubwa, mvua ikinyesha kasi inashuka, na mteja aliyezoea bando la mjini anataka ajiunge na alipe vilevile. Hapa tunalinganisha njia tatu za kutoza, kwa mtu mwenye hotspoti ya kijiji au kambi ya watalii, mtandao mdogo wa LTE (4G), au kampuni ya simu yenye minara inayotegemea VSAT, yaani dishi dogo la setilaiti. Mambo mawili yanaamua kuliko yote: wewe mwenyewe unanunuaje kiungo hicho, na mita ya kuhesabia matumizi umeiweka upande gani wa setilaiti.

Anza na ankara yako

Uwezo wa setilaiti huuzwa kwa jumla kwa namna tatu. Ya kwanza ni kasi uliyotengewa peke yako: unalipia Mbps 10, ni zako usiku na mchana, uzitumie usizitumie. Ya pili ni kasi ya kugawana na vituo vingine, kumi au ishirini kwenye njia moja, bei ikiwa nafuu na jioni ikiwa ngumu. Ya tatu ni fungu la gigabaiti: ukilimaliza unapunguziwa kasi, au unaongeza jingine kwa pesa.

Inmarsat, kampuni ya setilaiti, walilimaliza suala hili zamani kwenye BGAN, huduma yao ya data kwa vifaa vya kubebeka. Data ya kawaida, ambayo watumiaji wote wa eneo wanagawana, hutozwa kwa megabaiti. Lakini mwandishi wa habari anayerusha matangazo mubashara akiomba kasi ya kudumu, tuseme kbps 128 au 256, mita inageuka kuwa ya dakika, kwa kuwa njia hiyo imefungwa kwa ajili yake hata akinyamaza. Kanuni hiyo inafaa hadi kwenye mnara wa kijijini: mteja atozwe kile anachowanyima wengine.

Ukinunua fungu la GB, kila MB ya mteja inatoka kwenye ankara yako, kwa hiyo kumuuzia "bila kikomo" ni kujitafutia hasara. Ukinunua kasi uliyotengewa, MB za saa tisa usiku hazikuongezei gharama yoyote. Zenye bei ni zile za saa mbili usiku, kila mtu akiwa kwenye simu.

Sasa hesabu. Mbps 1 ikijaa mwezi mzima wa siku 30 hupitisha GB 324, hivyo Mbps 10 ni GB 3,240. Hakuna kijiji kinachojaza kiungo saa 24. Chukua asilimia 35 na utabaki na GB 1,134. Kama kiungo ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi (tarakimu ya mfano), GB moja inakugharimu shilingi 1,764 kabla ya umeme, mlinzi na kamisheni ya wauza vocha. Anayegawanya kwa 3,240 anapata shilingi 617, anauza kwa 1,000 akidhani anakula faida, kumbe kila GB inamla yeye. Umeme nao usiuache nje: dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100, yaani karibu kWh 2 kwa siku, na paneli na betri za kulivusha usiku ni sehemu ya bei ya GB.

Kwa MB: haki machoni, tabu kwenye mita

Mteja anaielewa njia hii bila maelezo. Anayetumia WhatsApp na kutuma pesa halipii video za jirani, na fungu lako la GB halitoboki bila wewe kujua. Ni njia sahihi kabisa kwa anayenunua kwa GB. Ila ndiyo inayoleta ugomvi mwingi zaidi, kwa sababu setilaiti hupoteza pakiti, na mita haijui kama pakiti iliyoihesabu ilifika.

Chukua mita iliyoko mjini, kabla ya kiungo, kama ilivyo kwenye mitandao mingi ya simu. Video inatoka kwa seva, inahesabiwa, inapanda angani. Mvua kubwa ikipiga kwenye masafa ya Ku au Ka, au foleni ya modemu ikijaa, pakiti kadhaa zinapotea. Simu inaomba tena, seva inatuma tena, mita inahesabu tena. Upotevu ukiwa asilimia 5, GB 1 iliyomfikia mteja imehesabiwa kuwa GB 1.05 na ushee. Hajaibiwa kwa makusudi, lakini amelipia karibu MB 53 ambazo hakuziona.

Mita ikiwa kijijini, baada ya kiungo, pakiti za kushuka zinazohesabiwa ni zile zilizofika tu. Tatizo linahamia kwenye data ya kupanda: inahesabiwa kabla ya kuruka, ikipotea inatumwa tena na kuhesabiwa mara ya pili. Kwa kuwa wateja wengi hupakua zaidi ya kupakia, kosa hilo ni dogo. Ukiwa na hiari, weka mita upande wa mteja.

Viharakishi vya TCP (utaratibu wa kutuma data na kuhakikisha imefika) vinavyowekwa kwenye modemu za VSAT huongeza jambo jingine. Vinapokea data kutoka kwa seva haraka haraka na kuishikilia hadi njia ya angani iwe wazi. Mteja akifunga video katikati, iliyokuwa imeshikiliwa imeshahesabiwa mjini. Kwa Mbps 5 na safari ya milisekunde 600, hiyo ni karibu KB 375 kila anaporuka video. Mtu anayeperuzi TikTok anaruka video nyingi.

Kwenye hotspoti ndogo makosa ni ya kawaida zaidi na yanatibika kwa dakika chache. Tunatumia rauta za MikroTik kama mfano kwa kuwa ndizo zilizozagaa.

La kwanza ni FastTrack. Sheria hiyo ya ngome huharakisha rauta kwa kuruka foleni na hesabu. Ikiwa imewashwa kwa wateja wa hotspoti, mita inasoma pungufu na mipaka ya kasi haishiki. Izime kwa anwani za wateja, hata kama rauta itachemka kidogo.

La pili ni kaunta ya biti 32. Kwenye RADIUS (itifaki ambayo rauta hutumia kuiuliza seva ya bili na kuiripotia matumizi), Acct-Input-Octets na Acct-Output-Octets hurudi sifuri baada ya takriban GB 4.29. Mizunguko huhesabiwa kwenye sehemu nyingine inayoitwa Gigawords. Mfumo wako wa bili usipoisoma, mteja aliyetumia GB 10 anaonekana ametumia GB 1.4 tu na anaendelea kupeta. Vilevile ukimwekea kikomo kinachozidi GB 4 kwa Mikrotik-Total-Limit, jaza na Mikrotik-Total-Limit-Gigawords, la sivyo atakatwa mapema na atakuja juu.

La tatu, na hili ndilo linalowauma wateja kuliko yote: simu huona WiFi kuwa bure. Mtu ananunua vocha ya GB 1, anaweka simu mfukoni, na kabla hajafungua chochote picha zinapanda kwenye bekapu na programu zinajisasisha. Nusu saa baadaye bando limekata. Kwa Android kuna dawa isiyojulikana sana. Simu ikipokea neno ANDROID_METERED kwenye chaguo la 43 la DHCP (huduma ya rauta inayogawa anwani), inaichukulia WiFi hiyo kama data ya kulipia na kusitisha mengi ya hayo. Kwenye MikroTik:

`/ip dhcp-server option add name=metered code=43 value="'ANDROID_METERED'"`

Kisha lihusishe chaguo hilo na mtandao wa wateja kwenye `/ip dhcp-server network`. Wenye iPhone waelekezwe kwenye ukurasa wa kuingilia wawashe wenyewe hali ya data kidogo kwa WiFi hiyo.

Kwa muda: rahisi kuuza, inategemea setilaiti ipi

Vocha ya saa moja au ya siku haina ubishi wa MB. Muuza duka anaielewa, mteja anajua mwisho wake. Inafaa unapolipia kasi uliyotengewa, maana saa ya mteja ni nafasi aliyokaa kwenye njia.

Kwenye setilaiti ya GEO, iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, saa hiyo inaliwa na kusubiri. Swali na jibu huchukua takriban milisekunde 600. Kufungua faili la MB 1 kunahitaji safari moja ya kutafuta anwani, moja ya kuanzisha TCP, moja ya TLS 1.3 (usimbaji wa siri), halafu TCP inaanza kwa pakiti 10 tu na kuongeza maradufu kila safari: takriban safari saba zaidi. Jumla ni kama sekunde 6, hata kiungo kikiwa kitupu na hata umemuuzia Mbps 20. Kwenye setilaiti za chini kama Starlink, kilomita 550 hivi, ambako safari ni karibu milisekunde 50, faili lilelile linachukua nusu sekunde. Setilaiti za O3b, za kilomita 8,062, ziko katikati, kwenye milisekunde 150 hivi.

Kwa hiyo kumtoza mtu kwa dakika kwenye GEO ni kumtoza umbali wa setilaiti. Ukilazimika, uza siku nzima badala ya saa. Kwenye setilaiti za chini, vocha ya saa ni biashara safi.

Tofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya wakiandika vocha: saa moja ya kuwa hewani, na saa moja tangu vocha ilipofunguliwa. Kwenye MikroTik, `limit-uptime=1h` ni ya kwanza; mteja akitoka, saa inasimama. Ya pili inahitaji RADIUS au skripti ya kuandika muda wa mwisho, na hapo saa ya rauta lazima iwe sahihi. Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinaamka na tarehe ya zamani, na vocha zilizokwisha zinafufuka au mpya zinakataliwa. Weka NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao), na usiruhusu wateja waingie kabla saa haijapatikana.

Mteja anayeondoka bila kujitoa naye ana kesi yake. Asipoulizwa, saa inaendelea kuhesabu akiwa shambani. `keepalive-timeout` ya dakika 2 na `idle-timeout` ya dakika 5 zinatosha kwa vocha za muda wa kuwa hewani. Usizifupishe zaidi: simu ikizima skrini hulala, mteja atatupwa nje kila mara na kulazimika kuingia upya.

Simu za kisasa (Android 10 na iOS 14 kwenda mbele) hutumia anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa) ya kubuni kwa kila WiFi. Mteja aliyebonyeza "sahau mtandao huu" anaweza kurudi na anwani nyingine. Usiifunge vocha kwenye MAC peke yake; funga kwenye namba ya vocha na weka `shared-users=1`.

Kwa kasi, malipo ya mwezi

Ofisi, shule, zahanati na lodge hupenda njia hii, maana bajeti yao ni ya mwezi na hawataki kununua vocha kila Jumatatu. Wewe nawe unapata pesa ya uhakika mwanzoni mwa mwezi. Hatari ni moja: "bila kikomo" inasomwa na mteja kama ahadi, na wawili watatu wanaoshusha filamu usiku kucha wanaweza kula kiungo cha arobaini.

Uwiano wa kuuza zaidi ya ulichonacho ndio moyo wa biashara hii. Kiungo cha Mbps 20 na wateja 40 wa Mbps 2 ni uwiano wa 4 kwa 1. Hapo huduma inakuwa nzuri na bei kubwa. Ukifika 10 kwa 1, jioni itakuwa nzito lakini inavumilika kama foleni imepangwa. Zaidi ya hapo unahitaji kikomo cha haki: mteja akifika GB fulani, kasi inashuka hadi mwisho wa mwezi, haikatwi. Kiandike kikomo hicho kwa tarakimu kwenye risiti. Kikomo kilichofichwa kwenye "masharti na vigezo" ndicho kinachovunja urafiki.

Mpaka wa kasi kwenye MikroTik huandikwa kwa jicho la rauta: `1M/3M` maana yake mteja anapakia kwa Mbps 1 na kupakua kwa Mbps 3. Wanaogeuza ni wengi. Ukiongeza mruko wa muda mfupi, kama `1M/3M 2M/6M 750k/2M 16/16`, usidhani mteja atapata Mbps 6 kwa sekunde 16. Zile 16 ni kipindi cha kupigia wastani. Muda halisi ni kizingiti mara kipindi, gawanya kwa kasi ya mruko: 2 × 16 ÷ 6, yaani sekunde 5 na kidogo. Inatosha kufungua ukurasa upesi bila kumpa mtu filamu.

Kasi ya Starlink hupanda na kushuka, kwa hiyo foleni kuu ukiiweka kwenye kilele cha asubuhi haitasaidia jioni. Pima kwa wiki, chukua kasi ya jioni ya kawaida, weka foleni ya `cake` au `fq_codel` (zipo kuanzia RouterOS 7, mfumo wa MikroTik) chini kidogo ya hapo. Kwenye VSAT ya GEO, kumbuka kuwa trafiki ya QUIC (njia mbadala ya TCP inayopita juu ya UDP), ambayo Google na Facebook huitumia sana, imefungwa kwa siri na kiharakishi cha modemu hakiwezi kuigusa. Baadhi ya waendeshaji huzuia UDP 443 ili simu zirudi kwenye TCP. Inafanya kazi, ingawa ni ubabe kidogo.

| | Kwa MB | Kwa muda | Kwa kasi ya mwezi |
|---|---|---|---|
| Unanunua fungu la GB | Ndiyo | Kwa kikomo cha GB ndani yake | Hapana |
| Unanunua kasi yako peke yako | Inawezekana | Ndiyo | Ndiyo |
| Unanunua kasi ya kugawana | Ndiyo | Kwa siku, si kwa saa | Kwa kikomo cha haki |
| Setilaiti ya GEO | Sawa | Mteja analipia kusubiri | Sawa |
| Setilaiti ya chini | Sawa | Sawa | Sawa, kasi ikipimwa jioni |
| Lalamiko la kawaida | "MB zangu zimekwenda wapi?" | "Nilikuwa nimetoka" | "Jioni haifungui" |

Kwa kijiji chenye wateja wa mapato madogo, mchanganyiko unaofanya kazi ni vocha ya siku yenye MB maalumu na kasi iliyobanwa. Siku inampa mteja mwisho unaoeleweka, MB zinalinda ankara yako, na kasi iliyobanwa inazuia mmoja asiwazime wengine saa mbili usiku. Kama utachagua kitu kimoja tu cha kubana, bana kasi.

Mita ya kampuni ya simu

Kwenye mtandao kamili wa simu, kifaa kinachopitisha data (PGW kwenye 4G; kwenye 5G ni UPF, ambayo SMF huiombea) huomba mgao wa MB kutoka kwenye mfumo wa salio, kinamruhusu mteja autumie, kisha kinaomba mwingine. Kwenye 4G mazungumzo hayo huenda kwa itifaki ya Diameter, kwa utaratibu wa RFC 4006 ya 2005 na mrithi wake RFC 8506 ya 2019. Swali la kulinganisha ni moja: kifaa hicho kikae mjini au kwenye mnara?

Kikiwa mjini, salio na mita viko chumba kimoja na setilaiti haiwatenganishi. Ila mteja anabeba ule upotevu wa mvua tuliousema, na wewe unabeba mzigo wa vifungashio. Pakiti ya mteja inafungwa ndani ya GTP (handaki la data kati ya mnara na mjini) kwa baiti 36 zaidi: IP 20, UDP 8, GTP 8. Kwa pakiti ya baiti 1,400 hiyo ni asilimia 2.6, haina neno. Kwa pakiti ya sauti ya baiti 80 ni asilimia 45, na ukiongeza IPsec (usimbaji wa siri wa njia) yenye baiti kama 60 umepita maradufu. Mteja hatozwi vifungashio, mwenye setilaiti anakutoza. Mnara wenye simu nyingi za WhatsApp utakuonyesha pengo kubwa kati ya ulichouza na ulichonunua bila mtu yeyote kuiba.

Kikiwa kwenye mnara, kama inavyofanyika kwenye mitandao midogo inayotumia Magma (programu huria ya kuendesha mtandao wa simu), vifungashio vinaishia palepale na mita inahesabu kilichofika. Sasa maombi ya mgao ndiyo yanayovuka setilaiti, na ukubwa wa mgao unakuwa na maana. Mteja anayeshusha kwa Mbps 8 anatumia MB 1 kwa sekunde. Ukimpa mgao wa MB 1 kwenye GEO, kila sekunde anasimama milisekunde 600 kusubiri mwingine. Video itakwama kama gari bovu. Mpe MB 10 na kizingiti (Volume-Quota-Threshold) cha MB 2, ombi jipya litoke sekunde 2 kabla ya mgao kwisha. Kanuni ya mkono: kizingiti kiwe mara tatu ya kasi ya mteja ukizidisha na muda wa kwenda na kurudi. Usipitilize upande wa pili pia. Mgao wa MB 100 kwa mteja mwenye salio la MB 120 unamfungia pesa yake, na akijaribu kununua kitu kingine ataambiwa salio halitoshi. Weka Quota-Holding-Time ya dakika 5 hadi 10 ili mgao usiotumika urudi.

Kiungo kikikatika, Credit-Control-Failure-Handling ndiyo inayoamua. TERMINATE inawatupa wote nje kila mvua inaponyesha, kisha wanarudi kwa mpigo na kuziba njia. CONTINUE inawaacha waendelee bila kuhesabiwa, jambo linalowatisha watu wa mapato. Lakini fikiri: kama mazungumzo ya salio na intaneti vinapita dishi moja, dishi likifa hakuna data ya bure ya kuiba isipokuwa iliyoko kwenye seva ya palepale. Kwa mnara wa namna hiyo CONTINUE ni salama. Kwa mnara wenye njia mbili, moja ya salio na nyingine ya intaneti, tumia RETRY_AND_TERMINATE.

Je, kijiji cha VSAT kitozwe MB kwa bei tofauti? Mitambo inaweza. Eneo la mteja hufika kwenye mfumo wa salio, na tangu toleo la 17 la viwango vya 3GPP mtandao wa 5G unaweza kutambua kwamba mnara umeunganishwa kwa GEO, MEO (za kati kama O3b) au LEO (za chini kama Starlink). Tungeshauri taarifa hiyo itumike kupanga kasi na aina ya huduma, si bei ya MB. Mteja huyohuyo Jumamosi yuko mnadani kwenye mnara wa nyaya, Jumatatu amerudi kijijini. Bando lake likiyeyuka haraka zaidi nyumbani, hakuna maelezo yatakayomtuliza, na mamlaka ya mawasiliano itataka kujua alijulishwa lini.

Melini na angani hali ni tofauti, na wasafiri wa Ghuba wanaijua. Mnara mdogo ndani ya ndege au meli hutumia namba za mtandao zinazoanza na 901 (901-14 ni AeroMobile, 901-12 ni ya vyombo vya baharini) na hutoza kama romingi ya bei yake yenyewe. Hata kanuni ya Ulaya ya romingi kwa bei ya nyumbani haifiki huko. Simu iwe kwenye hali ya ndege, au data ya romingi izimwe kabla bandari haijapotea machoni.

Seva ya bili na njia ya pesa

Wanaoweka RADIUS kwenye wingu hukutana na jambo hili siku ya kwanza: MikroTik husubiri jibu la RADIUS kwa milisekunde 300 tu usipobadilisha. Kwenye GEO jibu linachukua 600, kwa hiyo kila mteja anakataliwa ingawa nenosiri ni sahihi. `/radius set [find] timeout=3s` inamaliza kazi.

Taarifa za katikati ya matumizi ziwekwe kila dakika 5, si 30. Umeme ukikatika, kilichotumika tangu taarifa ya mwisho kinapotea. Kwa Mbps 5, dakika 5 ni MB 187. Kwa nusu saa ni zaidi ya GB 1 umegawa bure. Baada ya kukatika hivyo, rekodi ya mteja hubaki wazi kwenye seva na akijaribu kuingia anaambiwa tayari yuko ndani. Weka kazi ya kufunga rekodi zisizo na taarifa kwa dakika 15.

Starlink kwa huduma nyingi hukupa anwani ya CGNAT (inayogawanywa na wateja wengi), hivyo seva yako haiwezi kuifikia rauta kumkata mteja au kumwongezea bando katikati (amri hizo huenda kwa UDP 3799). Anzisha WireGuard (handaki la VPN) kutoka kwenye rauta kwenda kwa seva, amri zipite humo. Jibu la malipo ya M-Pesa nalo linahitaji anwani ya HTTPS ya hadharani, kwa hiyo mpokeaji wake akae kwenye wingu. Jibu likichelewa au kupotea, mfumo uulize hali ya muamala wenyewe badala ya kumwacha mteja amelipa bila bando.

Ombi la kuingiza PIN humfikia mteja kwa mtandao wa simu, halipiti WiFi yako. Kama mnara pekee wa eneo unategemea setilaiti ileile, vikifa vinakufa pamoja na hakuna anayeweza kulipa. Vocha za karatasi zilizokwisha kuingizwa kwenye rauta yenyewe zinabaki kuwa akiba nzuri.

Ruhusa

Kuuza intaneti kwa umma kunahitaji leseni: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda, ARPTC Kongo. Starlink iliingia Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo. Mwaka 2024 Kenya ilipata kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 za huko, kando ya kile cha nyumbani cha 6,500 kisicho na kikomo. Wengi hukiona hicho cha pili na kuanza kukata vocha. Masharti ya kawaida ya huduma ya nyumbani hayaruhusu kuuza tena bila idhini, na akaunti inaweza kufungwa ukiwa na wateja hamsini waliolipa mbele. Ingiza bei ya huduma ya biashara kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuzipatanisha mita

Kabla ya kutangaza bei, endesha mfumo kwa siku saba na usome kaunta tatu kila usiku saa sita: ya modemu au dishi, ya mlango wa rauta unaoelekea setilaiti, na jumla ya matumizi ya wateja kwenye bili. Rauta na dishi zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, kuna kitu kingine kimechomekwa kwenye dishi. Rauta ikizidi bili kwa asilimia 3 hadi 8, ni mambo ya kawaida: ukurasa wa kuingilia, masasisho ya rauta yenyewe, WireGuard, watu ambao hawajalipa wakifungua ukurasa wa malipo. Ikizidi kwa 20, tafuta FastTrack, Gigawords, au orodha ya tovuti za bure iliyoandikwa kwa upana mno. Mtu akiruhusu `*.googleapis.com` ili ukurasa wa malipo upakie herufi zake, amefungua na mengine mengi bure. Bili ikizidi rauta, simamisha mauzo hadi ujue kwa nini, kwa sababu hapo wateja wako wanalipia kitu ambacho hakikupita.